Vipeo si vya kuogopwa, ni vya kuhesabiwa

Wanafunzi wengi hupoteza alama za aljebra si kwa kukosa akili, bali kwa kukariri kanuni wasizozielewa. Mzazi, mpe mwanao a² × a³ arahisishe. Akijibu a⁶, usimkaripie; amezidisha vipeo badala ya kuvijumlisha. Mwambie aandike kwa urefu: a × a × a × a × a. Akizihesabu herufi atapata tano, yaani a⁵. Kama angali na shaka, a iwe 2. Basi 4 × 8 ni 32, nayo 2⁵ ni 32. 2⁶ ni 64.

Katika a⁵ ÷ a², herufi mbili za juu hukatana na mbili za chini, zikabaki tatu: a³.

Kujumlisha ni jambo jingine. Ingawa a² + a² ni 2a², a² + a³ haijumlishiki, kwani vipeo vyake havilingani.

Mfaransa René Descartes alipoandika tarakimu hizi ndogo za juu katika kitabu chake cha 1637, alikuwa akifupisha maandishi tu. Kwa hivyo, anayesahau kanuni katika chumba cha mtihani na aufumue ufupisho huo, kisha ahesabu.