NGOZI NI UKUTA WA MWILI: TUSIDHARAU UFA

Maji yanapokupwa huko Shanzu, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, watu hushuka mwambani kutafuta pweza na samaki. Mara nyingi mtu huchubuliwa mguu na matumbawe. Huutazama mchubuko, akaona ni mdogo, akaendelea na kazi yake. Baada ya siku chache mguu umevimba, una usaha, na mtoki umemshika kinenani. Je, jambo dogo kama lile limeletaje taabu kubwa hivi? Ili kulijibu swali hili yatupasa kwanza kuijua kazi ya ngozi.

Tabaka ya juu ya ngozi ni chembe zilizokufa, zilizoshikamana kama matofali. Kila siku nyingine hubambuka na kuanguka pamoja na vijidudu vilivyozishika, na mpya hupanda kutoka chini. Juu ya ukuta huo mna jasho na mafuta yenye uchachu kidogo, ambao vijidudu vingi vya maradhi haviupendi. Tena viko vijidudu visivyodhuru, vikaavyo ngozini siku zote na kuvinyima nafasi vile vibaya. Adui akipenya, damu huganda kuziba tundu, na chembe nyeupe za damu huja kupigana. Joto na uvimbe ni dalili za vita hivyo. Usaha ni mabaki ya waliokufa pande zote mbili.

Ukuta huu huharibika kwa njia nyingi. Harara hutokea vitundu vya jasho vinapoziba. Dawa yake ni maji baridi na nguo nyepesi. Jipu huanza kwenye shina la unywele. Lisiminywe, hasa likiwa karibu na pua, bali likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi. Mtu atokwaye na majipu mara kwa mara apimwe ugonjwa wa sukari. Upele huletwa na mdudu mdogo mno achimbaye ngozini, na muwasho wake huzidi usiku. Haifai kumtibu mmoja peke yake. Watu wote wa nyumba na watibiwe siku moja.

Funza naye ni mgeni katika Afrika. Alitoka Brazil kwa meli, akafika Angola mwaka 1872, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha fika pwani yetu. Jike huingia ngozini, hasa miguuni, akavimba kama punje ya mbaazi na kumwaga mayai mavumbini. Kumchokoa kwa pini iliyotumiwa na mwingine ni hatari, kwani pini hiyo huweza kueneza maradhi ya damu. Siku hizi kuna mafuta ya dimetikoni, ambayo humwua bila kuchokoa. Kuvaa viatu na kutia sakafu saruji humzuia asirudi.

Lakini hatari kubwa kupita zote ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Kwa hiyo kupaka jeraha udongo au kinyesi cha ng'ombe ni kumfungulia adui mlango. Taya huweza kuanza kukaza siku chache, au hata majuma matatu, baada ya kuumia, wakati ambapo jeraha lenyewe huenda limekwisha funga na kusahauliwa. Wengi waliopatwa na ugonjwa huu wamekufa, na hali sindano ya kuukinga ipo.

Basi, ukiumia, osha jeraha papo hapo kwa maji safi na sabuni, ondoa vipande vya matumbawe au uchafu, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Ikiwa jeraha ni la kina, au uvimbe unaenea, au homa imekushika, nenda zahanati siku ile ile, na uulize kama yakupasa kuchomwa sindano ya pepopunda. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa ngozi ukishabomoka, kuujenga upya ni kazi ngumu.