Kugandisha Mayai ya Uzazi: Njia Ipi, na kwa Sharti Gani?

Mwanamke kijana anapoambiwa kuwa ana saratani, mazungumzo ya nyumbani huwa juu ya uhai wake tu, na hiyo ni haki. Hata hivyo, tibakemikali, na mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga, huweza kuyaua mayai ya uzazi, ambayo mwanamke huzaliwa nayo. Wanandoa wa Kilwa na Lindi wanaopewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, yafaa wajue mapema kwamba mayai yanaweza kutolewa kabla ya matibabu, yakagandishwa, yakatumika mke akishapona.

Ugumu wa kazi hiyo ni maji. Yai ni miongoni mwa seli kubwa kabisa za mwili, nalo limejaa maji. Wauza pweza wa Somanga na Songosongo wanajua kuwa pweza aliyelazwa kwenye friza hulainika upesi chunguni, kwa kuwa barafu imekwisha kuichanachana nyama yake kwa ndani. Kwa mpishi hiyo ni neema. Kwa yai ni maangamizi.

Njia kongwe ni kugandisha polepole: mashine hushusha joto kidogo kidogo ili maji yapate kutoka ndani ya yai. Kwa njia hiyo Dk. Christopher Chen wa Australia alitangaza mwaka 1986 mimba ya kwanza iliyotokana na yai lililogandishwa. Lakini mayai mengi yalikufa wakati wa kuyeyushwa. Njia ya pili hufanya kinyume chake. Yai hutiwa katika dawa nzito ya kulikinga, kisha hutumbukizwa ghafla katika nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Maji hukosa muda wa kufanya barafu, yakawa mfano wa kioo. Katika mikono ya wajuzi, zaidi ya mayai manane katika kumi husalimika. Mwaka 2012 jumuiya ya madaktari wa uzazi ya Marekani iliacha kuihesabu huduma hii kuwa ya majaribio. Kwa hiyo, maabara ikikuambia bado inagandisha polepole, uliza sababu. Uliza pia ni nani anayejaza nitrojeni katika mitungi, maana usalama wa mayai umo humo.

Kusalimika kwa yai, hata hivyo, si kupata mtoto. Umri wa mke siku ya kutolewa mayai una uzito mkubwa.

Kwa upande wa sharia, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, ilitaja uwezekano wa kuhifadhi mayai yasiyorutubishwa, ikaelekeza yarutubishwe yale tu yanayohitajika, ili pasiwe na ziada. Dar al-Ifta ya Misri nayo imeruhusu kugandisha mayai kwa masharti: yarutubishwe kwa mbegu za mume ndoa ikiwa hai, yasichanganywe na ya mwingine, wala yasipandikizwe katika tumbo la mwanamke mwingine. Talaka ikipita au mume akifariki, mlango huo umefungwa, na wanandoa waliandike hilo katika fomu ya kliniki.

Maandalizi ya kutoa mayai huchukua takriban wiki mbili za sindano. Si kila saratani inasubiri kiasi hicho, na daktari anayeitibu ndiye wa kusema. Basi mume aulize siku ileile ya rufaa, kabla chupa ya kwanza ya dawa haijatundikwa.