Mchuma Janga na wa Kwao: Hatia ya Mmoja, Medali ya Wanne

Katika hazina ya methali za Kiswahili mna kauli mbili zinazoelekea kukinzana kuhusu kosa na mwenye kosa. Ya kwanza yasema kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Ya pili yasema kuwa msiba wa kujitakia hauna kilio. Ya kwanza humweka mkosaji miongoni mwa jamaa zake na kuwagawia wote uchungu wa kosa lake. Ya pili humwacha peke yake na alichojitakia. Mvutano huu ndio unaozikabili mamlaka za riadha kila mara mwanatimu mmoja anapobainika kuwa alitumia dawa zilizopigwa marufuku. Je, ni haki wenzake wasio na hatia wapokonywe medali? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea mbio za kupokezana vijiti katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na ya Beijing mwaka 2008.

Mnamo tarehe 22 Agosti 2008, Nesta Carter, Michael Frater, Usain Bolt na Asafa Powell wa Jamaika walishinda fainali ya mita 100 kwa wanaume wanne kupokezana kijiti. Walitumia sekunde 37.10, rekodi mpya ya dunia wakati huo. Sampuli ya Carter haikuonyesha dosari yoyote. Hata hivyo, sampuli huhifadhiwa kwa miaka kadhaa ili zipimwe upya ufundi wa maabara unapoimarika. Ilipopimwa tena mwaka 2016, ilipatikana na methilheksaneamini, kemikali ya kuchangamsha mwili. Mnamo Januari 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipokonya timu nzima dhahabu. Carter alikata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, nayo ikatupiliwa mbali Mei 2018. Bolt, ambaye hakushtakiwa kwa kosa lolote, alisalia na dhahabu 8 za Olimpiki badala ya 9.

Kesi ya Sydney ilikwenda mkondo tofauti. Oktoba 2007 Marion Jones wa Marekani alikiri kwamba alikuwa ametumia dawa haramu kabla ya michezo hiyo. Mwaka uliofuata, timu mbili za kupokezana vijiti alizokimbia nazo zilifutiwa matokeo. Wenzake 7 walikata rufaa, na Julai 2010 mahakama iyo hiyo ikawarejeshea haki ya medali zao: dhahabu ya mita 400 na shaba ya mita 100. Mahakama haikusema kuwa ushindi ule ulikuwa safi. Ilisema kuwa kanuni zilizotumika mwaka 2000 hazikutamka wazi kwamba timu nzima ifutiwe matokeo kwa kosa la mtu mmoja. Ilikiri pia kwamba uamuzi huo huenda usiwe wa haki kwa timu nyingine zilizoshindana bila dawa. Waliosalia na fedha katika mita 400 walikuwa wanawake wa Jamaika, nchi iyo hiyo ambayo wanaume wake wangepokonywa dhahabu baadaye.

Utata wa suala hili unatokana kwa kiasi kikubwa na neno "adhabu". Adhabu huhitaji hatia. Kumfungia mwanariadha asishindane ni adhabu, na haifai kumwangukia mwingine ila mkosaji. Kufuta matokeo ni jambo jingine. Sekunde 37.10 zilikuwa za kijiti kimoja kilichopitia mikono minne, na Carter ndiye aliyeanza nacho. Hakuna hesabu inayoweza kuondoa mchango wake na kuacha wa wengine watatu. Isitoshe, nyuma ya Jamaika walikuwapo wakimbiaji wanne wa Trinidad na Tobago waliomaliza wa pili. Kuwahurumia watatu wa Jamaika kwa kuwaachia dhahabu kungekuwa kuwadhulumu hawa wanne, ambao tayari walikuwa wameikosa heshima ya kusikia wimbo wa taifa lao ukipigwa uwanjani.

Hata hivyo, hoja hii ina mipaka. Mwaka 2015 shirikisho la riadha la Urusi lilisimamishwa kutokana na kashfa ya dawa, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 Darya Klishina pekee ndiye aliyeruhusiwa kushindana katika riadha kutoka nchi hiyo, kwa kuwa alikuwa akiishi na kupimwa nje ya Urusi. Hapa hapakuwa na matokeo ya kurekebishwa; watu walizuiwa kabla ya kukimbia. Hatua kama hiyo inakaribia mno kuwa adhabu ya halaiki, na haiwezi kutetewa pasipo mlango wa kila mmoja kuthibitisha usafi wake.

Kutokana na kesi hizi, masharti matatu yanajitokeza. Kwanza, kanuni ya kufuta matokeo iwe imeandikwa kabla ya mbio. Pili, uamuzi utamke bayana aliyekosa ni nani, ili wenzake wapoteze medali bila kupoteza jina. Tatu, makocha, madaktari na viongozi wanaohusika wawajibishwe, kwani mkimbiaji anayenyoosha mkono kupokea kijiti hana njia ya kujua kilichomo katika damu ya mwenzake.

Kwa kuhitimisha, methali zile mbili hazikinzani kama zinavyodhaniwa. Katika adhabu, msiba wa kujitakia ni wa aliyejitakia. Katika matokeo, mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo haisemi kwamba wa kwao walichuma. Yasema tu kwamba hula, na wajibu wa anayehukumu ni kutowachanganya walaji na mchumaji.