Objektifu gani kwa foto ya muji? Mufano wa Goma na Nyiragongo



Tangu kundi la foto lianze kubandika kazi zake kwenye ubao, ulizo moja linarudi kila juma. Mbona katika foto ya mumoja Nyiragongo ni kubwa sana, inasimama juu ya mabati ya Goma kama inataka kuyaangukia, na katika foto ya mwengine iko kilima kidogo tu nyuma ya nyumba? Muji ni mumoja, mulima ni mumoja. Nani amedanganya? Wengine wanasema ni kazi ya ordinateri. Hapana. Ni objektifu, na kupita objektifu ni miguu ya yule aliyepiga. Tunapenda kueleza jambo hili polepole, sababu kundi liko na feza ya kununua objektifu moja tu, tena ya okazioni, na wanachama hawasikilizani hata kidogo.

Tuanze na hesabu, wala musiogope, ni ya darasa la kwanza. Kila objektifu imeandikwa namba kwa milimeta: 28, 35, 50, 135, 200. Ile namba inaitwa fokale. Mukitaka kujua kitu kitakuwa na urefu gani juu ya filme, kamateni fokale, zidisheni kwa urefu wa kitu, kiisha gawanyeni kwa umbali. Ni hiyo tu.

Sasa tuiweke Nyiragongo ndani. Kichwa chake kiko kwenye meta 3.470. Muji wa Goma uko karibu meta 1.500 juu ya bahari. Kwa hiyo mulima unapita muji kwa meta 2.000 hivi, na kutoka kandokando ya ziwa mpaka kwenye kreta ni kama kilometa 18. Kwa objektifu ya 50 mulima unapata milimeta 5 na nusu juu ya filme. Kwa ya 28 unapata 3 tu. Kwa ya 200 unapata 22, na filme ya kawaida iko na kimo cha milimeta 24! Basi munaona: kwa 28 mulima ni kama punje ya muchele, kwa 200 unajaza dirisha lote.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanasema: "Objektifu ndefu inavuta mulima karibu na nyumba." Haivuti kitu. Angalieni vizuri. Nyumba ya etaje mbili iko na kimo cha meta 10 hivi. Mukisimama meta 100 mbele yake na objektifu ya 50, nyumba inapata milimeta 5 juu ya filme, karibu sawa na mulima wote. Rudini nyuma mpaka meta 500. Nyumba inashuka, inabaki milimeta 1. Na mulima? Meta 400 si kitu mbele ya kilometa 18, mulima haujui kama mumerudi nyuma. Sasa mulima unapita nyumba mara 5, na objektifu ni ile ile ya 50! Ni miguu iliyofanya kazi. Objektifu ya 200 inakuja tu kukuza vyote viwili mara 4, nyumba milimeta 4, mulima 22, ili tuone vizuri kile miguu imekwisha kutengeneza.

Asiyesadiki ajaribu katika chumba cha giza. Kamata filme iliyopigwa na 50, kuza kipande cha katikati tu mara 4, linganisha na foto ya 200 iliyopigwa fasi ile ile. Mistari ni ile ile, mabati ni yale yale, mulima ni ule ule. Tofauti ni kwamba ile ya 50 itakuwa na chembechembe kama muchanga. Vile vile ndivyo telefone nyingi zinafanya mukivuta kwa vidole viwili: zinakata kipande cha katikati na kukikuza. Kama telefone haina objektifu ya pili ya kweli kwa mambo ya mbali, kuvuta ni bure, afazali kutembea.

Jambo hili si la jana. Andreas Feininger, aliyezaliwa Paris mwaka 1906, alikuwa mupiga foto wa gazeti Life la Marekani toka 1943 mpaka 1962. Ukisimama chini katika barabara za New York, duka la etaje tano linaweza kukuficha Empire State Building, ambayo ina meta 381 bila antena. Feininger akavuka muto Hudson, akaenda kusimama upande wa New Jersey, na kutoka kule akapiga Manhattan kwa objektifu ndefu sana, pamoja na apareyi alizojitengenezea kwa mikono yake. Kutoka Weehawken mpaka ule munara ni kama kilometa 3 na nusu. Kwa umbali ule nyumba ya mbele na nyumba ya nyuma zinaonekana kila moja kwa kimo chake, karibu sawa na kweli. Yule wa duka ndiye aliyedanganywa na macho yake. Wenzetu wanaosoma Kinshasa wanaweza kufanya vile vile, juu ya muto uko pale: Brazzaville iko ngambo, na munara Nabemba, meta 106, unaonekana vizuri ukisimama mbali kuliko ukisimama chini yake.

Basi turudi kwenye ulizo: nani amedanganya juu ya Goma? Kwa maoni yetu, foto ya pembe kubwa, ile ya 28, ni nzuri kwa maisha ya barabara. Simama karibu na sanamu ya tshukudu, utapata sanamu, pikipiki, mama wa mikate, mabango, na mulima mudogo nyuma. Lakini mutu wa mbali akiona ile foto atasema: mulima ule uko mbali, hauwezi kitu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia ziwani. Tena haikumwagika kutoka juu ya kreta. Udongo ulipasuka chini zaidi, upande wa kusini, na mipasuko ikashuka kuelekea muji. Mwaka 1977 na tarehe 22 Mei 2021 tuliona tena mulima ukipasuka ubavuni. Kwa hiyo foto ya 28 inasema kweli juu ya barabara, na inaficha hatari. Foto ya 200 inaonyesha ni chini ya nani watu wanalala, lakini inafuta kilometa 18 za mashamba, vijiji na mawe meusi, na mutu wa Bulaya atazani mulima unaanza nyuma ya soko. Sisi tunaomba jambo moja: anayebandika foto ubaoni aandike chini yake fokale na fasi aliposimama. Mwenye kusoma atahesabu mwenyewe.

Sasa kununua. Fasi nzuri ya kuona Goma yote pamoja na mulima ni juu ya ziwa. Tuseme muko ndani ya mashua, kilometa 2 kutoka inchi kavu, munatazama kaskazini. Objektifu ya 28 itakamata muji kwa upana wa kilometa 2 na nusu, lakini mulima ni milimeta 2,8, na nusu ya foto ni maji matupu. Objektifu ya 50 inakamata kilometa 1 na meta 400 hivi. Ya 200 inakamata meta 360 tu, na mulima unakula milimeta 20 kati ya 24, hakuna fasi ya mawingu. Ya 135 inakamata meta 530 za nyumba za kandokando, mulima unapata milimeta 13 na nusu, unabaki na mbingu juu na maji kidogo chini. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunasema: 135. Tena za okazioni ziko nyingi, ni nyepesi, na bei yake haitishi kama bei ya zumu kubwa. Wenye kutaka zumu ya 70-200 wako na haki, inafaa kila kitu, lakini zile za bei ndogo zinaonyesha pembe za foto kama kuna moshi, na zile nzuri zinapita mufuko wetu mbali sana.

Angalisho kwa wale wenye apareyi ya numeriki. Nyingi ziko na kioo cha ndani kidogo kuliko filme, kama milimeta 24 kwa 16. Humo 135 inajaza karibu kama 200 inavyojaza filme. Wao watafute 85 ao 100. Tusinunue kwa kusikia tu jina la namba.

Ile namba nyingine, yenye kuonyesha mwanga, 2,8 ao 4, tusiilipie feza nyingi. Muji haukimbii. Kwa foto za mbali tunafunga diafragma mpaka 8, ndipo objektifu nyingi zinaonyesha safi zaidi. Lakini objektifu ndefu inakuza pia kutikisika kwa mukono: kwa 135 musishuke chini ya sehemu moja kwa 150 ya segonde, na ndani ya mashua pandeni mpaka 500. Inchi kavu, tumieni kisimamio cha miguu mitatu. Asubui mapema ni bora, juu mawingu yanapenda kufunika kichwa cha Nyiragongo kadiri jua linavyopanda. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, vumbi na moshi wa mashamba vinaweka pazia, na objektifu ndefu inalikusanya lote. Ngojeni mvua moja inyeshe, kesho yake asubui piga. Jioni, kisha jua kushuka, hapa kwetu mwanga wa bluu unakaa dakika 20 hivi tu. Na vumbi la Goma ni la mawe ya moto, linakwaruza kioo kama msasa: musibadilishe objektifu barabarani, na musipanguse na shati.

Neno la mwisho ni la usalama, na wazazi wametuomba kuliandika. Kutoka mbali objektifu ndefu inaonekana kama kitu kingine, na katika siku za vita mutu anayeitega kuelekea muji anaweza kuzaniwa mupelelezi. Musipige uwanja wa ndege, kivuko cha mupaka, askari wala kambi. Ombeni ruhusa kwanza, muende na mutu muzima anayejulikana fasi ile, na mukikatazwa, fungeni apareyi bila mabishano.

Musimamizi wa kundi ameazima objektifu ya 135 kwa juma mbili ili tuijaribu mbele ya kutoa feza. Iko ndani ya kabati, katika ofisi ya prefe wa masomo. Wenye kuitaka waandike jina kwenye karatasi ya mulangoni. Ni nusu siku kwa kila mutu, filme kila mumoja ajitafutie.