Kura 537: Jinsi Jimbo la Florida Lilivyomfanya Rais wa Marekani Mwaka 2000

Mara nyingi husemwa kwamba kura ya mtu mmoja ni kama tone la maji baharini, haiongezi wala haipunguzi. Maneno haya huyasikia mabwenini, huyasikia nyumbani wakati wa likizo, na hata watu wazima wenye elimu huyasema. Basi napenda kuwaeleza habari za jimbo moja la Marekani, Florida, ambalo mwaka 2000 lilikaa siku 36 ugomvi wake wa kura usiishe, na mwisho tofauti ikawa kura 537 tu. Wengi wetu tulio madarasani leo tulikuwa hatujazaliwa. Lakini wazee wetu waliokwisha kutoka katika shule hii bila shaka wanakumbuka jinsi habari hizo zilivyojaa redioni siku baada ya siku.

Namna Wamarekani wanavyomchagua Rais

Kwanza yafaa tuelewe desturi yao, maana haifanani na yetu. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki kura zote za Rais hutiwa katika kapu moja na kuhesabiwa pamoja. Marekani sivyo. Huko kila jimbo hupewa idadi yake ya wajumbe wa uchaguzi. Idadi hiyo hupatikana kwa kujumlisha wabunge wa jimbo na maseneta wake wawili. Jimbo lenye watu wengi lina wajumbe wengi, na jimbo lenye watu wachache haliwezi kupungukiwa na wajumbe watatu. Jumla yao ni 538, na anayetaka kuwa Rais hana budi kupata 270.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa zaidi. Karibu katika majimbo yote, mtu akishinda hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Ni majimbo mawili tu, Maine na Nebraska, yanayowagawa. Kwa hiyo yawezekana mtu akapata kura nyingi katika nchi nzima, naye akashindwa urais kwa kuwa kura zake hazikuwa mahali palipotakiwa.

Mwaka 2000 waliogombea kwa nguvu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Bw. Al Gore wa chama cha Demokrati, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo. Wa pili alikuwa Bw. George W. Bush wa chama cha Republikani, Gavana wa Texas. Kulikuwa na wengine wadogo pia, kama Bw. Ralph Nader na Bw. Pat Buchanan, nao tutawaona mbele. Florida ilikuwa na wajumbe 25, na Gavana wake alikuwa Bw. Jeb Bush, ndugu yake huyo mgombea.

Usiku wa tarehe 7 Novemba

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Novemba 2000. Jioni ile vituo vya televisheni vilitangaza kuwa Florida imekwenda kwa Bw. Gore. Walitangaza hata kabla watu wa sehemu ya magharibi ya jimbo hawajamaliza kupiga kura, kwa sababu saa za upande ule ziko nyuma kwa saa moja. Baadaye usiku wakayaondoa maneno yao. Usiku wa manane ulipopita wakatangaza kuwa Bw. Bush ameshinda Florida, na kwa hiyo ndiye Rais. Bw. Gore akampigia simu mwenzake kumpongeza. Akafunga safari kwenda kuwahutubia wafuasi wake, na njiani akapata habari kwamba tofauti inazidi kupungua. Akapiga simu mara ya pili kuiondoa pongezi yake. Kulipopambazuka televisheni nazo zilikuwa zimekwisha kusema kwamba mshindi hajulikani.

Katika majimbo mengine hesabu ilikuwa hivi: Bw. Gore wajumbe 267, Bw. Bush wajumbe 246. Hakuna aliyefikia 270. Atakayepata wale 25 wa Florida ndiye atakayekuwa Rais, na katika Florida hesabu ya kwanza ilionyesha Bw. Bush amemzidi mwenzake kwa kura 1,784 katika kura karibu milioni 6. Sheria ya Florida ilisema tofauti ikiwa ndogo kuliko nusu ya asilimia moja, mashine zihesabu mara ya pili. Zikahesabu, na tofauti ikashuka chini ya kura 400.

Kadi na matundu yake

Huenda mtu akauliza, je, mashine moja inawezaje kutoa hesabu mbili kwa karatasi zile zile? Jibu limo katika kadi zenyewe. Wilaya nyingi za Florida zilitumia kadi ya kutoboa. Mpiga kura huichomeka kadi yake katika chombo, kisha hutwaa kijiti chenye ncha na kutoboa mahali palipo mkabala na jina la mtu anayemtaka. Kijipande kidogo cha karatasi hudondoka, na tundu hubaki. Mashine hupitisha mwanga kadini. Mwanga ukipenya, kura imehesabiwa.

Lakini kijipande kisipodondoka je? Kadi nyingine zilikuwa na vijipande vilivyoning'inia kwa pembe moja, nyingine kwa pembe mbili, na nyingine zilikuwa zimebonyea tu bila kutoboka. Mwanga haukupenya, na mashine ilisema mtu huyu hakumchagua Rais yeyote. Na kila kadi ilipopita tena mashineni, kijipande kilichokuwa kikining'inia kiliweza kuanguka au kuziba tena. Ndiyo maana hesabu zilibadilika.

Katika wilaya ya Palm Beach kulikuwa na shida ya namna nyingine. Wagombea walikuwa wengi, na wazee wengi wanaishi huko. Ili herufi ziwe kubwa wasome bila taabu, majina yalipangwa katika kurasa mbili zinazotazamana, na matundu yakawekwa katikati, kama mwili wa kipepeo kati ya mbawa zake. Jina la Bw. Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Bw. Buchanan, ambaye jina lake lilikuwa upande wa kulia. Basi wako waliotoboa la pili wakidhani ni la Gore. Wengine walipoona wamekosea walitoboa na la tatu, na kadi yenye matundu mawili huharibika. Kadi za namna hiyo zilipita 19,000 katika wilaya ile moja. Bw. Buchanan alipata huko kura zaidi ya 3,400, nyingi kuliko katika wilaya nyingine yoyote ya Florida, na yeye mwenyewe alikiri kwamba nyingi kati yake hazikuwa zake.

Twaona hapa jambo la kusikitisha. Waliopanga karatasi ile walikusudia kuwasaidia wazee, na wazee hao hao ndio waliopotezewa kura.

Mashauri mahakamani

Wafuasi wa Bw. Gore wakaomba kadi zihesabiwe kwa mkono katika wilaya nne: Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia. Wafuasi wa Bw. Bush wakapinga, wakisema kwamba mashine haina chama, lakini jicho la mtu lina chama. Aliyekuwa na kazi ya kuthibitisha matokeo ni Waziri wa Jimbo, Bibi Katherine Harris, na huyo alikuwa pia mmoja wa viongozi wa kampeni ya Bw. Bush katika Florida. Si ajabu basi kwamba kila alilolitenda, hata kama sheria ililiruhusu, upande wa pili haukuliamini.

Makarani wakaketi mezani, wakiziinua kadi moja moja kuelekea taa. Wengine walisema kijipande kilichobonyea ni kura, wengine wakasema si kura mpaka pembe mbili ziwe zimeachana. Wilaya hii ilikuwa na kanuni yake na wilaya ile yake, na pengine kanuni ilibadilishwa kazi ikiwa katikati. Miami-Dade walianza, kisha wakaacha. Mahakama Kuu ya Florida ilikuwa imeweka mwisho wa kazi kuwa tarehe 26 Novemba, saa 11 jioni. Palm Beach walichelewa kama saa mbili hivi, na hesabu yao ikakataliwa. Jioni ile Bibi Harris akatangaza matokeo: Bw. Bush kura 2,912,790, Bw. Gore kura 2,912,253. Tofauti ni 537.

Shauri halikuisha hapo. Tarehe 8 Desemba mahakama ile ya Florida, majaji wanne wakikubali na watatu wakikataa, iliamuru kadi zote ambazo mashine hazikusoma chaguo la Rais zihesabiwe kwa mkono katika jimbo zima. Kazi ilianza, na kesho yake Mahakama Kuu ya nchi nzima, iliyoko Washington, ikaisimamisha. Usiku wa tarehe 12 Desemba hukumu ikatolewa. Majaji saba kati ya tisa waliona kwamba kuhesabu kwa kanuni mbalimbali ni kutowatendea wapiga kura sawasawa. Lakini juu ya dawa yake waligawanyika: watano walisema muda umekwisha na kazi ikome, wanne walikataa. Tarehe 13 Desemba Bw. Gore alihutubia taifa, akasema hakubaliani na hukumu ile lakini anaipokea.

Kwa hiyo Bw. Bush alipata wajumbe 271. Bw. Gore alipata 266, kwa kuwa mjumbe wake mmoja wa Washington hakuandika jina la mtu. Na katika nchi nzima Bw. Gore alikuwa amepata kura zaidi ya nusu milioni kumpita Bw. Bush.

Tarehe 6 Januari 2001 kura za wajumbe zilihesabiwa mbele ya Bunge. Kwa sheria yao, mwenye kiti ni Makamu wa Rais, naye alikuwa Bw. Gore mwenyewe. Wabunge kadhaa, wengi wao watu weusi, walisimama kupinga kura za Florida. Sheria ilitaka pingamizi litiwe saini na seneta mmoja, na hakupatikana hata mmoja. Bw. Gore akayakataa mapingamizi yale yaliyoletwa kwa faida yake, akamtangaza mshindani wake kuwa mshindi.

Tujifunze nini?

Watu wamebishana tangu siku zile. Magazeti makubwa yalishirikiana kuzichunguza kadi zilizokataliwa, zilizokuwa kama 175,000, na mwaka 2001 wakatoa matokeo. Wakaona kwamba kama kadi zingehesabiwa katika wilaya zile nne tu, Bw. Bush angalishinda vile vile. Lakini kama kadi zote zilizokataliwa za jimbo zima zingalihesabiwa, Bw. Gore huenda angalishinda kwa kura chache sana. Yaani hata yeye hakuomba hesabu ambayo ingemfaa. Kadhalika Bw. Nader alipata Florida kura zaidi ya 97,000, na wako wanaomlaumu mpaka leo.

Lakini mimi naona jambo zito kuliko yote ni lile lililoandikwa na Tume ya Haki za Raia ya Marekani mwaka 2001: kwamba kura ya mtu mweusi katika Florida ilikuwa karibu mara kumi katika hatari ya kukataliwa kuliko kura ya mtu asiye mweusi. Watu ambao wazee wao walipigwa na hata kuuawa kwa kudai haki ya kupiga kura waliifikia meza, wakapewa kadi, wakatoboa, na kadi zao hazikuhesabiwa. Kupewa karatasi ni nusu ya haki; nusu ya pili ni karatasi hiyo kusomwa.

Wamarekani walitengeneza kiasi. Florida iliziacha kadi za kutoboa, na mwaka 2002 Bunge lao lilitunga sheria ya kuyapa majimbo fedha za kununua vyombo bora. Ile desturi ya wajumbe haikuguswa, na mwaka 2016 tena aliyepata kura chache katika nchi nzima ndiye aliyekuwa Rais.

Nasi je? Kura 537 si nyingi. Watu hao wangeweza kusimama wote katika uwanja wetu wa mpira na nafasi ikabaki. Karibuni sisi wa madarasa ya juu tutakwenda kupiga kura, na miongoni mwenu, wazee wetu, wako wanaoitwa kuwa makarani wa uchaguzi. Anayepiga kura na aisome karatasi yake mara mbili kabla ya kutia alama, wala asione haya kuomba nyingine kabla ya kuitumbukiza. Na wanaohesabu wapatane juu ya kanuni kabla sanduku halijafunguliwa: alama gani ni kura, na ipi si kura. Mkisha kujua nani yuko mbele, kila kanuni mtakayoitaja itaonekana kuwa hila, hata ikiwa ni ya haki.