Usingizi bila vidonge

Na Mwandishi Wetu

Wako wafanyakazi wengi ambao, wakikosa usingizi kwa siku tatu mfululizo, hukimbilia duka la dawa kabla hawajajiuliza wanaamka saa ngapi, wananywa nini jioni na taa yao inazimwa saa ngapi. Hao hutaka wauziwe usingizi kama wanavyouziwa sabuni. Kumbe mwili una saa yake, na saa hiyo hutiwa majira na jua.

Anayetaka kuliona jambo hili waziwazi na aitazame Simbo, kata ya wilaya ya Kigoma jirani na Ujiji, ambako barabara ya Ilagala na Kalya huelekea kusini. Saa ya ukutani huko ni ileile ya Dar es Salaam, lakini jua si la wakati mmoja. Kwa kuwa Kigoma iko mbali sana upande wa magharibi, jua huchomoza na kuchwa huko likiwa limechelewa kwa karibu dakika 40. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati mkazi wa Kariakoo anapoona kweupe, Simbo bado ni giza. Jioni, Kariakoo taa zimekwisha washwa, na Simbo mtu bado anaweza kuhesabu vikonyo vya mchikichi.

Basi mfanyakazi wa Kigoma anayetakiwa ofisini saa moja na nusu huamka gizani, ilhali usiku uliotangulia usingizi ulichelewa kumjia kwa sababu jua nalo lilichelewa kuchwa. Akipungukiwa dakika 40 kila usiku, ifikapo Ijumaa amekwisha poteza zaidi ya saa tatu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za kulala, na deni hilo halilipwi kwa kikombe cha chai ya rangi.

Wataalamu wanaeleza kwamba giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala. Mwanga huizuia. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembechembe za mwili.

Wanaoijua adha ya kuipindua saa hiyo ni wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo huvuliwa usiku wa giza, zamani kwa karabai na siku hizi zaidi kwa taa za betri. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti samaki, na wavuvi hupumzika. Kila mwezi, basi, mvuvi hulala mchana kwa majuma kadhaa, kisha hurudi kulala usiku, na mwili wake haupati nafasi ya kuzoea lolote. Mlinzi, muuguzi na mfanyakazi wa zamu kiwandani wana mzigo huohuo. Mtu wa namna hii atundike kitambaa kizito cheusi dirishani, na jamaa zake wakubaliane kwamba saa zake za kulala zina heshima kama za usiku. Redio ya jirani, hiyo ni kazi ya mjumbe wa nyumba kumi!

Kwa sisi tunaolala usiku, dawa ya kwanza ni kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili, na kutoka nje mapema kupata mwanga wa asubuhi. Usiku taa ipunguzwe, na simu ilale mbali na kitanda. Kahawa ya barazani Ujiji ni tamu, na mazungumzo yake matamu zaidi, lakini baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kileo chake cha kuamsha bado imo mwilini. Anayeteswa na kukosa usingizi aihamishie asubuhi. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane. Kuoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia, maana baada ya kuoga mwili hupoa, na mwili unaopoa husinzia. Ukigaagaa kitandani kama dakika 20, ondoka, kaa penye mwanga hafifu hadi usinzie.

Vidonge kama diazepamu ni vya kuandikiwa na daktari. Mwili huvizoea hata ukashindwa kulala bila vyenyewe. Huwaangusha wazee waamkapo usiku. Na vikichanganywa na pombe vyaweza kusimamisha pumzi.

Iko hali moja ambayo mashauri haya hayaifai. Mbung'o hueneza malale, ugonjwa uliowafanya wakoloni wa Kiingereza katika miaka ya 1930 kuwahamisha watu wa sehemu za Kigoma na kuwakusanya katika makazi maalumu. Umepungua sana, lakini mbung'o wangalipo maporini. Mgonjwa wake hupata homa na kuumwa kichwa, kisha husinzia mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa. Mrina asali, mchunga ng'ombe au mkata mbao aliyebadilika hivyo baada ya kutoka porini apelekwe hospitali, na amweleze mganga alikuwa wapi, ili damu yake ipimwe.