Stereo ya babu, hedifoni zako

Kama kwenu Mambrui kuna ile stereo ya miaka ya 1970, Pioneer au Sansui, usiwauzie watu wa vyuma vikuukuu. Tundu lake la hedifoni lina nguvu ambayo simu yako haina: mara nyingi hulishwa na amplifaya ileile ya spika, ikipunguzwa na rezista tu. Hedifoni nzito za ohm 300 zitaamka, na Juma Bhalo utamsikia hadi pumzi, usiku, bila kumwamsha mama. Zile za ohm 32, besi inaweza kuvimba.

Lakini kabla ya kuchomeka, soma nyuma. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, 240 yetu itaiunguza. Tafuta transfoma kwanza. Ukizungusha sauti ikakwaruza, huenda ni vumbi na chumvi ya bahari. Mpelekee fundi aisafishe kwa dawa ya swichi. Si mafuta ya nazi, tafadhali!